Bahari ya Oregon katika Majira ya Baridi

Kila mwaka, mvua za Novemba zinapoanza kulifunika bonde la Willamette, hapa jimbo la Oregon, Marekani, na watoto wakachoka kukaa ndani, familia zetu nyingi zinazoishi Portland, Beaverton na Salem huanza kuulizana lini zitakwenda pwani. Shauku hiyo naielewa vizuri, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizaliwa Tanga, na majirani zangu wa hapa wametoka Uvira, Kalemie na Bujumbura, mahali ambapo mtu hukua akiyaona maji makubwa kila asubuhi. Kutoka Portland hadi Cannon Beach ni mwendo wa gari wa saa moja na nusu hivi. Ufuko wote wa Oregon, kuanzia mpaka wa Washington hadi mpaka wa California, uko wazi kwa umma kwa mujibu wa sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 1967, na sehemu nyingi hazina lango wala mlinzi. Hata hivyo nimeona ni wajibu wangu kuandika waziwazi jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapohamia hapa: bahari hii, hasa kati ya Novemba na Machi, huua watu ambao hawakuwa na nia yoyote ya kuogelea, watu waliokuwa wamesimama mchangani na makoti yao, wakipiga picha.

Sisi tuliozaliwa Pwani tunayo elimu yetu ya bahari, na si elimu ndogo. Tunajua kuhesabu siku za mwezi na kusema lini kutakuwa na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na lini maji yatakuwa mafu. Tunajua kwamba kaskazi ikivuma bahari huwa na adabu, na kusi ikikaza ngalawa hukaa pwani. Lakini elimu hiyo imejengwa juu ya mambo mawili, mwezi na upepo, na chini yake kuna jambo la tatu ambalo hatulitaji kwa sababu tumelizoea: mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina miamba ya matumbawe inayoyapokea mawimbi ya bahari kuu na kuyavunja, hivi kwamba maji yanayomfikia mtoto anayeokota kombe ufukweni yamekwisha kuchoka. Ndugu zangu wa Ziwa Tanganyika nao wana kipimo chao, nacho ni kwamba ziwa huchafuka pale upepo unapochafuka, na mtu akiusikia upepo usoni anajua la kufanya.

Oregon haina mwamba wa kuikinga. Pwani yake imeielekea Pasifiki moja kwa moja, na upande wa pili ni Japani. Katika majira ya baridi, dhoruba huzaliwa moja baada ya nyingine katika Ghuba ya Alaska na kusini mwa visiwa vya Aleutian, na pepo zake huyasukuma maji kwa siku nzima au zaidi katika eneo pana sana. Mawimbi yanayotoka humo huendelea na safari hata baada ya upepo uliyoyazaa kutulia. Wimbi ambalo hupita kila baada ya sekunde 17 husafirisha nguvu zake kwa mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa, na kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 2,000 inaweza kukuletea mawimbi yake baada ya siku mbili hivi, wakati juu ya kichwa chako jua linawaka na hakuna hata upepo wa kupeperusha mtandio. Siku ya namna hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko siku ya dhoruba yenyewe, kwa sababu siku ya dhoruba watu hukaa nyumbani.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu waongeze kipimo kimoja juu ya vile tulivyorithi, yaani muda unaopita kati ya wimbi na wimbi. Mawimbi yanayofuatana kila sekunde 8 huwa na umbali wa mita 100 hivi kati ya mgongo na mgongo yakiwa kwenye kilindi, ilhali yale ya sekunde 17 huwa na umbali wa mita 450. Wimbi refu kiasi hicho huanza kugusa sakafu ya bahari likiwa bado mbali na nchi kavu, huinuka zaidi kadiri kina kinavyopungua, na linapovunjika halimalizikii pale, bali hupanda ufuko kama maji yaliyofunguliwa mlangoni. Ukilinganisha mawimbi mawili yenye kimo kimoja cha mita 3, moja la sekunde 9 na jingine la sekunde 18, hilo la pili huleta nguvu takriban maradufu, ingawa mtu anayeangalia kwa mbali huenda asione tofauti yoyote ila kwamba bahari inaonekana imepoa, kwa kuwa migongo ni michache na imeachana.

Takwimu hizi zinapatikana bure. Kuna boya la serikali lenye namba 46050, lililotiwa nanga karibu kilomita 37 magharibi mwa mji wa Newport, ambalo hutangaza kwenye intaneti kimo cha mawimbi na muda wake mchana na usiku. Unaposoma kimo hicho, kumbuka kwamba hakielezi wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi iliyo kubwa zaidi, na wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili ya kiasi hicho. Wakati wa baridi, kimo cha kawaida huko nje ni mita 3 hivi, na dhoruba kubwa hukifikisha mita 7 na zaidi. Mimi nikiona boya limesema mita 3 kwa sekunde 16 au 17, sishuki mchangani, hata kama anga ni ya buluu, na sioni haya kuwaambia wageni wangu kwamba leo tutaitazama bahari kutoka juu.

Wenyeji wa hapa huyaita mawimbi haya kwa jina lenye maana ya kunyemelea, na jina hilo linayafaa. Mawimbi yatokayo mbali husafiri kwa makundi, na makundi ya dhoruba mbalimbali yanapokutana, migongo yao hupandana kwa muda, kisha huachana. Matokeo yake ni kwamba ufuko unaweza kukaa dakika 10, 15 au hata 20 maji yakifika mahali pale pale, kwa utulivu unaomshawishi mtu ashuke hatua moja, kisha nyingine, halafu yakaja mawimbi mawili matatu yanayopita mbali sana juu ya pale yalipokuwa yakiishia. Hayapigi kelele ya kutosha kukuonya, kwa sababu bahari yote inanguruma, na kelele moja haitofautiki na nyingine.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa karibu, kusini mwa Manzanita, nikiwa na familia kadhaa juu ya ngazi za mbao zinazoshuka ufukweni. Mama mmoja wa Uvira, ambaye wote tunamheshimu kama mzazi, aliniambia, "Mwanangu, maji yametulia haya, watoto wana hamu, tushuke." Nikamwomba, "Mama, tungoje kidogo, tuyatazame kwanza." Chini yetu kulikuwa na gogo lililolala na mizizi yake yote, refu kuliko gari, na mchanga ulioizunguka mizizi hiyo ulikuwa mkavu na mweupe. Kwa muda mrefu povu lilikuwa likiishia mbali nalo, likiacha mstari wa kahawia wenye vipande vya mwani. Kisha maji yakaja bila kuinuka sana, kama zulia linalokunjuliwa, yakaupita mstari ule, yakalifikia gogo na kulizunguka pande zote. Kina chake hakikuzidi magoti. Gogo likainuka upande mmoja, likageuka polepole kama mkono wa saa, kisha likabingirika mara moja na kutulia mahali pengine, mizizi ikielekea kusini badala ya magharibi. Mama yule hakusema neno, aliwashika watoto wawili waliokuwa karibu naye akawarudisha ngazi moja juu.

Magogo hayo nayataja kwa makusudi, kwa sababu kwa macho ya mgeni yanafanana na benchi. Mito ya Oregon huyabeba kutoka milimani wakati wa mafuriko, bahari huyatema ufukweni, na watoto hupenda kuyapanda. Gogo lenye urefu wa mita 6 na kipenyo cha mita 1, likiwa limelowa, linaweza kuwa na uzito wa zaidi ya tani 3, lakini maji ya kina cha vifundo vya miguu yanaweza kutosha kulisogeza, na likibingirika juu ya mtu hakuna mwanamume wala kikundi cha wanaume kitakachoweza kuliinua kabla ya wimbi linalofuata. Mchanga uliolowa na kung'aa, au magogo yenye mwani mbichi juu yake, ni ushahidi kwamba maji yamefika hapo leo, na yanaweza kufika tena.

Mtu akiangushwa na wimbi la namna hii, kinachomshinda mara nyingi si kutojua kuogelea. Maji yanayorudi kwenye ufuko wenye mteremko huvuta mchanga na kokoto kutoka chini ya miguu, na mchanga huo hujaa ndani ya koti, suruali na viatu hadi nguo zenyewe zikawa mzigo wa kumzamisha mwenye nguo. Juu ya hayo, maji yana baridi ya nyuzi 10 hivi za selsiasi, chini kidogo au juu kidogo. Wataalamu wa uokoaji hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja: katika dakika 1 ya kwanza mwili hushtuka na mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na akiivutia majini amekwisha, baada ya hapo anazo dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu yake bado humtii, kisha ana muda wa saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa ubaridi, iwapo kuna kitu kinachomwelesha. Kijana hodari aliyekuwa akivuka mlango wa mwamba kwa kuogelea kule Tanga hana kinga dhidi ya kanuni hiyo, maana mwili wake haujawahi kukutana na maji ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo nasema, kwa uchungu na kwa kumaanisha, kwamba mzazi au ndugu asimfuate majini aliyechukuliwa. Najua ni neno gumu kwa mtu yeyote mwenye moyo. Lakini katika visa vingi vya hapa aliyeingia kuokoa naye huzama. Piga 911, namba ya dharura, mara moja, taja jina la ufuko na kitu kilicho karibu nawe, na kama Kiingereza kinakupa shida taja lugha yako ili uombewe mkalimani. Mtupie aliye majini chochote kinachoelea, hata kisanduku cha plastiki cha vinywaji, na mwenzako mmoja abaki akimwonyesha kwa kidole bila kuondoa macho, kwa kuwa kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea kwa kufumba na kufumbua.

Tarehe 11 Januari 2020, katika eneo la Falcon Cove, kusini kidogo mwa Cannon Beach, baba mmoja alikuwa ufukweni na watoto wake wawili, wa miaka 7 na miaka 4, wimbi likawachukua wote watatu. Baba aliokolewa. Watoto wote wawili walifariki, na mdogo wao hakupatikana. Siku hiyo onyo la mawimbi makubwa lilikuwa limekwisha kutolewa, na ilikuwa pia kipindi cha bamvua kubwa. Sikisimulii kisa hiki kama lawama kwa mzazi yule, na naomba msomaji naye asikisome hivyo, kwa maana kumshika mtoto mkononi ndilo jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya.

Bamvua nayo inahitaji kuelezwa, kwa sababu hapa haiendi kama kwetu. Katika Afrika Mashariki bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, na maji hujaa mara mbili kwa siku kwa vimo vinavyokaribiana. Oregon, bamvua kubwa huja kati ya Novemba na Januari, ndani ya majira yale yale ya dhoruba, na mijao miwili ya siku moja hailingani, mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake. Mtu aliyeshuka ufukweni wakati wa mjao mdogo na akaona nafasi tele, akirudi hapo hapo wakati wa ule mkubwa anaweza kukuta maji yamefika hadi kwenye ukuta wa mawe, na njia ya kuzunguka rasi aliyopita kwa miguu mikavu imefungwa nyuma yake. Kwa hiyo jedwali la maji lisomwe kwa saa, wala isitoshe kusema leo ni mwezi mpevu.

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa matangazo ya ngazi mbalimbali kwa ajili ya pwani hii. Liko tangazo la hatari za ufukweni, ambalo mara nyingi ndilo linaloyataja mawimbi ya kunyemelea. Iko tahadhari ya mawimbi makubwa. Na liko onyo, ambalo ndilo zito kuliko yote. Kosa ninaloliona kwetu ni kulidharau lile la kwanza kwa kuwa ni la chini. Siku ya onyo bahari inatisha kwa macho, hata mtoto haikaribii. Siku ya tangazo la hatari za ufukweni ndiyo siku ya jua, ya mawimbi yaliyoachana, na ya maegesho yaliyojaa magari ya watu wenye furaha. Ningependa kila kundi letu la WhatsApp liwe na mtu mmoja anayesoma matangazo haya asubuhi ya safari na kuyaandika kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo bibi na babu wataelewa, na awe na kauli ya mwisho ya kuahirisha.

Safari ya pwani haianzii wala haiishii ufukweni. Kati ya Portland na bahari kuna safu ya milima ya Pwani, na barabara ya 6 kuelekea Tillamook hupanda hadi karibu mita 500 kabla ya kushuka. Katika usiku wa Januari mvua ya kawaida mjini inaweza kuwa theluji kule juu, na asubuhi maji yaliyotiririka barabarani kivulini mwa misonobari huwa yameganda kuwa barafu isiyoonekana, nyeusi kama lami yenyewe. Upepo wa dhoruba nao huangusha miti mikubwa barabarani, na kwa mwendo mrefu kule msituni simu haishiki. Idara ya Uchukuzi ya Oregon ina tovuti ya TripCheck yenye picha za kamera za barabarani, na kuitazama kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kurudi, huchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Blanketi, maji, chakula cha watoto na minyororo ya matairi viwemo garini hata kama kulipokucha hapakuwa na wingu.

Hatari nyingine hutoka upande wa pili, mashariki. Mto Columbia umekata milima ya Cascade hadi karibu na usawa wa bahari, na kupitia ufa huo hewa ya baridi kali ya nyanda za ndani humiminika hadi Portland na kulala chini. Hewa yenye joto na unyevu kutoka Pasifiki hupanda juu yake, mvua inanyesha ikiwa maji, kisha inaganda papo hapo inapogusa tawi, ngazi, gari au waya. Katikati ya Januari 2024 tulikaa siku kadhaa katika hali hiyo, na tarehe 17 waya wa umeme ulioangushwa uliifikia gari moja kaskazini-mashariki mwa Portland. Watu watatu wa familia moja walikufa walipokuwa wakijaribu kujiokoa na kuokoana, na mtoto mchanga aliokolewa na binti wa jirani mwenye miaka 18. Waya ukiangukia gari lako, kaa ndani, wazuie wanaotaka kukusogelea, na upige 911. Ukilazimika kutoka kwa sababu ya moto, ruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ujiburute kwa hatua fupi fupi zisizoinua nyayo mpaka uwe umbali wa mita 10 au zaidi.

Na umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Kwetu tunavijua vifo vya watu waliolala na jiko chumbani, lakini nyumba za hapa zimezibwa nyufa zote ili joto lisitoke, na hewa ya kaboni monoksaidi hujaa upesi zaidi. Baada ya dhoruba kubwa ya upepo ya Desemba 2006 katika jimbo jirani la Washington, wahamiaji walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa sumu hiyo.

Sisemi watu wasiende. Dhoruba ya Pasifiki ni moja ya mandhari ya kutukuka niliyowahi kuyaona, na ziko sehemu za kuitazama bila kujitia hatarini: hifadhi ya Shore Acres karibu na Coos Bay, ambako kuna kibanda cha kutazamia juu ya genge, kile kibanda cha mawe kilicho juu kabisa ya rasi ya Perpetua, na rasi ya Meares karibu na Tillamook. Uzio uliowekwa juu ya magenge, kama ule wa Cape Kiwanda, uliwekwa kwa sababu watu walikufa nje yake, na mchanga wa pale hubomoka chini ya mguu bila onyo. Mnaposhuka ufukweni siku iliyo salama, simameni kwanza dakika 20 mkiyatazama maji, chagueni mahali penye njia ya kupanda haraka, na msiipe bahari mgongo. Mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine, si simu, si chakula, si kupiga picha za wengine, na jina la mtu huyo lipangwe garini kabla ya milango kufunguliwa.